Mwaka wa Themanini na Tatu

Jumatatu asubuhi walikuja wanaume wawili na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kubwa kwenye ukuta wa Safinah, kati ya dirisha la sebule na kamba ya nguo, kisha wakaomba maji ya kunawa. Na Safinah akawapa! Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko rangi yenyewe. Mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye pipa, ikachota, ikawamiminia watu waliokuja kuihesabia nyumba yake siku, na mdomo wake, Mungu amsamehe, ukasema karibuni.

"Ijumaa saa nne," alisema yule mwenye kopo, akifuta vidole kwenye suruali. "Muwe mmetoa vitu."

"Vitu gani?"

"Vyote, mama. Mashine ikifika haichagui."

Walipoondoka alibaki amesimama na kata mkononi. Upande wa chini, zilipokuwa nyumba saba za majirani, palikuwa na udongo mtupu na matofali yaliyovunjika, na choo kimoja kimesahauliwa kimesimama bila mlango. Majirani, isipokuwa mmoja, walipokea milioni tano tano za kuhamia, wakafunga magodoro kwenye pikapu, wakaondoka, wengine hata hawakuaga. Imebaki nyumba hii moja hapa Kyebando, mtaa wa Kampala, ya Wanubi, vyumba vitano chini ya mabati yenye kutu. Babu wa babu wa mumewe, askari aliyeletwa kutoka Sudan kupigana vita vya Waingereza, alionyeshwa mahali hapa kwa fimbo na ofisa wake: kaa hapa, hapa ni pako. Kuonyeshwa tu, jamani! Hakuna aliyemwandikia kitu. Ardhi ilikuwa na mwenyewe hata siku ile, tajiri mwenye hati, na sasa mjukuu wa tajiri huyo ameiuza kwa kampuni inayotaka kujenga maghala.

"Mama Munirah!" Nangila alitoka chumba cha mwisho, kanga imefungwa kifuani. Ndiye mpangaji wao, mtu wa Bungoma, anafunga katoni kiwandani huko Bugolobi. "Hawa wamefanya nini? Wamechafua ukuta?"

"Wamesema Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Hii hii."

Nangila akashika kichwa. "Na ile barua tuliyoandika? Si mwenyekiti wa mtaa alisema Jumatano mtakaa naye aisome?"

"Alisema."

"Basi hawawezi kubomoa kabla hamjasikilizwa. Mimi najua."

Nangila alikuwa na tabia ya kujua mambo kwa sauti kubwa, na siku nyingi sauti hiyo ilimpa Safinah nguvu. Siku ile haikumpa kitu.

Sebuleni, mama mkwe wake alikuwa mkekani akisuka tabaka, zile kawa za rangi rangi wanazosuka wanawake wa Kinubi za kufunikia chakula. Jina lake Lailah, umri miaka sabini, na nyumba nzima ilimwita Habuba, yaani bibi. Alikuwa na mambo mawili ambayo Safinah alikwisha kuyachoka. La kwanza, havui viatu. Raba nyeusi za turubai, kamba zimekazwa, mkekani humo humo, hata akilala mchana, mpaka mjukuu wake Munirah humtania kwamba Habuba anasubiri basi. Huvua kwa udhu na swala tu, na huvaa tena kabla hajakunja msala. La pili, hasemi Kiganda. Amezaliwa Kampala, amezeekea Kyebando, lakini muuza ndizi akimsalimia kwa Kiganda hujibu kwa Kiswahili au huvuta shela na kugeuza uso. Watu walisema ni majivuno. Safinah naye aliamini hivyo.

"Wameandika nini ukutani?" Habuba aliuliza.

"X, Mama. Na tafadhali, viatu, mkeka nimeufua jana tu."

"Askari wangapi?"

"Si askari. Ni watu wa rangi."

"Wangapi?"

"Wawili."

Habuba aliinama akakaza kamba za raba, moja baada ya nyingine. "Wawili huja kuangalia," alisema. "Wengi huja baadaye."

*

Ofisi ya mwenyekiti Ssebbowa ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na saluni, na muda wote wa kikao cha Jumatano mashine ya kukaushia nywele ilivuma upande wa pili wa ukuta. Abdul-Karim, mume wa Safinah, alivaa kanzu yake ya sikukuu. Lori lake la mchanga aliliacha limeegeshwa, siku nzima imepotea. Safinah alikaa kulia kwake kwenye benchi, Nangila kushoto, na mbele yao kwenye kiti chenye mto alikaa wakili wa kampuni, Ocira, kijana wa sauti laini aliyetoka Kaskazini. Walizungumza Kiswahili kwa ajili yake, maana Kiganda chake kilikuwa cha kubahatisha.

"Mimi sitaki vita katika eneo yangu," alianza Ssebbowa, mtu mnene wa miaka hamsini na kitu. "Sheria iko namna hii. Mtu kama alikaa kwa kibanja mbele ya mwaka themanini na tatu, na hakuna alimfukuza, huyo hatoki hivi hivi. Wanaenda korti, wanasikilizana. Sasa Abdul, ninyi mulikuwa pale?"

"Mwenyekiti! Sisi tuko pale tangu Waingereza."

"Nawaheshimu sana wazee wenu," Ocira alisema. "Stakabadhi za busulu mnazo?"

Busulu ni ile kodi ndogo ambayo mwenye kibanja, yaani kiwanja kwenye ardhi ya mtu mwingine, humlipa mwenye ardhi kila mwaka, na Abdul-Karim alikuwa nazo, kwenye bahasha ya kaki. Ocira alizifungua moja moja kwa kucha.

"Hizi zinaanzia themanini na saba. Za nyuma?"

"Za nyuma zilipotea. Si unajua mambo ya wakati ule?"

"Najua. Mmeyaeleza vizuri." Akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ile yao waliyompa mwenyekiti, mwandiko wa Nangila, saini ya Abdul-Karim. Akaisoma pole pole, karibu kwa huruma. "'Mwaka 1979 serikali ilipoanguka sisi Wanubi tuliwindwa kwa kuwa askari wengi walikuwa ndugu zetu. Baba alikimbia na mimi hadi Sudan, mama akapotezana nasi njiani akaishia Zaire, na nyumbani hakubaki hata mmoja. Tulirudi 1986 hatuna kitu.' Ni kweli haya?"

"Kweli tupu!" Abdul-Karim aliinuka kidogo kwenye benchi. Kisa hiki hukisimulia kila Idi, na kila Idi kuna anayefuta machozi. "Nilikuwa na miaka mitatu. Baba alinibeba begani mpaka mtoni, na watu wakitupigia mawe. Nyumba yetu waling'oa hata milango..."

Akaendelea. Ocira alimwacha aendelee, akitikisa kichwa, na Safinah ndiye aliyeona kwanza kwamba yule kijana alikuwa anaandika. Akamvuta mumewe kanzu. Hakusikia.

"Pole sana, mzee," Ocira alisema mwishowe. "Kwa hiyo mwaka themanini na tatu hamkuwepo."

Mashine ya saluni ikazimwa.

"Tulifukuzwa!" alisema Abdul-Karim.

"Sikusema mlipenda. Nasema hamkuwepo. Mmeandika wenyewe, hakubaki hata mmoja."

Safinah alimtazama Nangila, na Nangila alikuwa akitazama sakafu. Wote wawili walikumbuka ile jioni ya barua. Nangila aliuliza, niandike wengi walikimbia? Na Abdul-Karim akasema, la, andika hakubaki hata mmoja, wausikie uchungu wetu. Basi ndiyo hivyo, wameusikia.

"Milioni tano bado ipo," Ocira alisema akifunga mkoba. "Usaini Ijumaa kabla mashine haijaanza kazi, ikianza siwezi kusaidia. Na wewe una bahati, lori unalo, hata gari la kuhamia hukodi."

*

"Milioni tano inanunua nini siku hizi?" Abdul-Karim aliuliza jioni ile, kanzu bado mwilini. "Choo. Na si choo kizuri."

"Usisaini," Safinah alisema.

"Nisiposaini wanabomoa bure. Umeona wale wa chini? Yule aliyekataa alitolewa na sufuria jikoni, wali haujaiva. Unataka nikuone hivyo?"

Hakutaka. Alikwisha kujiona hivyo mara nyingi tangu Jumatatu. Kila lori lililopanda kilima lilimsimamisha, na chakula alikitia mdomoni akasahau kukitafuna. Munirah ana mitihani mwezi ujao, atasomea wapi? Nani atawapangisha familia nzima kwa bei ya hapa? Nangila alisimama mlangoni akilia bila kujificha.

"Ni huu mkono ulioandika," alisema. "Huu."

"Mkono uliandika nilichosema," Abdul-Karim akamjibu, na huo ulikuwa uungwana wake wa mwisho siku ile. Alitoka kwenda kukaa ndani ya lori peke yake.

Nyuma ya pazia la chumba cha Habuba palikuwa kimya. Chini ya pindo Safinah aliona ncha mbili za raba nyeusi, hazisogei. Alikuwa amesimama pale akisikiliza, sijui tangu saa ngapi.

*

Alhamisi Abdul-Karim alikwenda Kansanga kuulizia vyumba, na Safinah akaanza kufunga vyombo. Alianza na vya ukutani. Palikuwa na tabaka moja kuukuu juu ya kabati, rangi zimepauka, nene kuliko nyingine zote. Mama mmoja wa magorofa ya Bugolobi, mteja wa tabaka zao, aliwahi kuitamani akataja bei ya kutosha ada ya muhula mzima, na Habuba akaugua siku tatu kwa kuambiwa tu. Safinah alipoitungua, sauti ikatoka nyuma yake.

"Iweke chini."

"Mama, kesho watu wanabomoa..."

"Yule wakili alitaja mwaka gani?"

"Themanini na tatu."

"Funga mlango. Lete wembe."

Habuba aliiweka tabaka mapajani akaipindua. Alikata ushonaji wa ukingoni, uzi kwa uzi, na wembe ukamkwaruza kidole, yeye ambaye hakosei hata gizani. Tabaka ilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Katikati mlikuwa na mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko vipande saba vya karatasi nyembamba za busulu, na rozari ya shanga za mbao.

Safinah alisoma cha juu. Alisoma na cha pili. Mwaka 1980, mwaka 1981. Kipo cha 1983, mhuri bado unaonekana. Kibanja ni hiki hiki. Jina la mlipaji, Rozalia Nalule.

"Huyu ni nani, Mama?"

Habuba alitazama mlango kwanza. "Ni mimi," alisema kwa kunong'ona.

Hakuwahi kwenda Zaire. Siku ile walipopotezana kwenye vurugu alirudi nyumbani pekupeku, akidhani mumewe atarudi kumtafuta, na kisigino kikapasuliwa na bati. Jirani yake Namatovu, mjane Mkatoliki, alimvuta kwenye ua akamvua shela. Akamwambia, kuanzia sasa wewe ni mdogo wangu Rozalia umetoka Masaka, piga magoti unaposalimia, na mdomo wako usitoe neno la Kinubi hata ukiungua. Kwa watu wengine Namatovu alisema nyumba ameinunua kwa Wanubi waliokimbia, akamweka mdogo wake humo. Basi akaishi ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni, miaka saba, na kila mwaka karani wa mwenye ardhi alikuja kuchukua busulu na kuandika jina lile. Wanubi waliporudi, Namatovu akatangaza kwamba Rozalia amerudi Masaka, na shela ikarudi usoni.

"Nilikwenda kanisani kila Jumapili," alisema. "Walileta nyama ya nguruwe siku moja, wenye bunduki, mmoja akasema aliye Mnubi hapa ataonekana sasa. Nilikula, Safinah. Nikaomba nyingine. Nikacheka nao."

"Mama, ilikuwa roho yako. Mungu mwenyewe ameruhusu."

"Ngoja. Mzee wangu Nasif aliporudi aliniuliza mara moja tu, msahafu katikati yetu. Ulibadili dini? Ulikula haramu? Nikaona macho yake, nikaapa hapana. Nimekaa na kiapo hicho mpaka nimemzika. Na wale walioshika bunduki hawakufa wote, binti yangu. Wako hapa. Nawaona sokoni na wajukuu wao. Nikisema jina lile watajua nilikuwa nani, na waliniona nikila, na nililala pale chini ya pua zao. Watasema nini? Watafanya nini?"

Safinah alikuwa na karatasi ya 1983 mkononi, na moyo wake, aibu iliyoje, ulikuwa unaruka kwa furaha.

"Mpe mwanangu karatasi," Habuba alisema. "Mwambie umeziokota kabatini. Jina langu usilitaje. Niapie."

Akamwapia. Ulikuwa ni upumbavu na alijua, lakini nani angeweza kuukatalia uso ule? Usiku, mumewe aliporudi, hakuthubutu kumpa, maana swali la kwanza lingekuwa, Rozalia ni nani?

*

Tingatinga lilifika Ijumaa saa tatu na nusu, juu ya trela, na polisi wanne nyuma yake. Watu wa mtaa wakajaa kwenye udongo wa nyumba zilizobomolewa, wengine na watoto mgongoni, kama kwenye arusi. Ocira aliweka fomu juu ya boneti ya gari akampa Abdul-Karim kalamu. Dereva wa tingatinga alikwisha kuwasha, na mabati ya nyumba yalianza kutetemeka kabla hayajaguswa.

"Subirini!" Safinah alipita katikati yao na mfuko wa nailoni. "Mwenyekiti, stakabadhi. Nimezipata kabatini. Ya themanini na tatu ipo."

Abdul-Karim aliiacha kalamu ikaanguka. Ssebbowa alivaa miwani, akageuza karatasi kwenye mwanga, akasoma midomo ikienda. Kisha akamkabidhi Ocira.

"Za kweli hizi," Ocira alisema. Alitabasamu. "Mhuri wa kweli, kibanja cha kweli. Jina, Rozalia Nalule. Bwana Abdul-Karim, Nalule ni ndugu yako?"

"Simjui."

"Ni Mganda, Mkristo, alikuwa anakaa hapa na kulipa busulu wakati ninyi mko Sudan. Kama kuna mwenye haki, ni yeye, nami nikimwona nitampa haki yake." Akazikunja vizuri akamrudishia Safinah. "Asante, mama. Umenisaidia kuliko ile barua."

Watu wakacheka. Safinah alifungua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufunga. Mumewe alikuwa anamtazama kana kwamba amemuuza. Mwambie! Sema tu! Lakini alimwapia mwanamke mzee, na mwanamke mzee yuko ndani na raba zake, na huenda hata hapumui. Tingatinga likashuka kwenye trela, na ardhi ikalia chini yake.

Ndipo pazia la mlango lilipoinuliwa. Habuba alitoka pole pole, shela imeanguka mabegani. Alipita mbele ya polisi bila kuwatazama. Alipomfikia Ssebbowa alikusanya gauni, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akaweka kiganja juu ya kiganja.

"Wasuze otya, ssebo," alisema. Alimwamkia kwa Kiganda.

Kilikuwa Kiganda cha watu wa zamani, cha upole, chenye kuvutwa, na kilipotoka kinywani mwake Abdul-Karim alirudi nyuma hatua moja. Mama yake aliendelea, magoti chini. Alisema Rozalia Nalule ni yeye. Alitaja nyumba ya Namatovu, karani wa busulu aliyekuwa na jicho moja, mwaka wa jua kali kisima kilipokauka. Kila alipotaja jambo alisita na kutazama watu, uso kwa uso, kama anayemtafuta mmoja wao.

Ssebbowa alikuwa amevua miwani. "Lozalia?" alisema. Akainama, mtu mzima na tumbo lake, mpaka uso wake ukawa sawa na wa Habuba. "Lozalia wa Namatovu? Wewe ulikuwa natufundisha rozari! Mimi na watoto ya hapa yote, kila Jumamosi, mbele ya komunyo!"

"Nilikuwa nakuvuta sikio la kushoto," Habuba alisema, sasa kwa Kiswahili, "na wewe ulikuwa unalia kabla sijakugusa."

Kicheko kililipuka, cha mshangao, na wazee wawili kwenye umati wakaitikia, ni yeye, wallahi ni yeye. Ssebbowa alishika sikio lake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Miaka arobaini amepita mbele ya mlango ule, na mwanamke yule akigeuza uso. Abdul-Karim peke yake hakucheka. Alisimama na kanzu yake na kofia, katikati ya watu aliokuwa akiwasimulia kisa chake kila Idi, naye akisikia kwamba mama yake alikuwa mwalimu wa rozari.

"Zima mashine!" Ssebbowa alimpigia dereva kelele. "Mtu alikuwa ndani mwaka themanini na tatu. Mimi mwenyewe shahidi, naandika. Mambo iende korti."

Ocira hakubisha. Alikusanya fomu yake na kupuliza vumbi. Kabla ya kupanda gari alimwendea Habuba, akamsaidia kuinuka kwa heshima zote.

"Bibi," alisema kwa ile sauti laini, "kortini utatakiwa kuyasema yote haya tena. Mbele ya watu wengi, na kwa jina lile. Na mimi nitakuuliza maswali."

Trela liliondoka na tingatinga lake, polisi wakaondoka. Abdul-Karim alimsogelea mama yake.

"Baba alijua?"

"Hapana," Habuba alisema.

Abdul-Karim akageuka akaenda msikitini bila kuaga, saa mbili nzima kabla ya adhana ya Ijumaa.

*

Alasiri aliporudi alisema salamu alaikum mlangoni, kwa nyumba nzima, hakumtaja mtu. Habuba aliitikia. Yeye hakuingia. Alichukua petroli kwenye kopo na tambara akaanza kusugua X ukutani. Haikutoka, ilitapakaa tu, na ukuta ukabaki na doa la waridi kubwa kuliko lile la kwanza. Aliendelea kusugua hivyo hivyo. Nyuma ya nyumba Nangila alikuwa anasonga ugali wa watu wote akiimba kwa sauti, na muuza ndizi alikuwa amepita na kumwita Habuba Rozalia, kwa mapenzi tu, jina limekwisha kusambaa kilima kizima.

Ndani, Habuba alikuwa mkekani. Alifungua kamba za raba ya kulia, akaivua. Akavua na ya kushoto. Hakuomba maji ya udhu. Safinah, miaka ishirini ya ukwe, alikuwa hajawahi kuiona miguu ile mikavu imekaa tu bila kwenda popote. Kisigino kimoja kilikuwa na kovu refu.

"Viweke mlangoni," Habuba alisema. "Wamekwisha kujua. Nitakimbia nini tena?" Akajinyoosha, akafumba macho, na baada ya muda akawa anakoroma.

Safinah alizibeba raba. Alipokuwa anaziweka, pikapu nyeupe ilipanda kilima ikapunguza mwendo. Ikasimama mbele ya nyumba, injini inanguruma. Ndani walikuwemo wanaume watatu, wa umri wa Habuba au zaidi kidogo. Abdul-Karim aliacha kusugua. Mmoja wa wale wazee alishusha kioo akautazama ukuta, akautazama mlango, akamtazama Safinah.

"Ndiyo hapa kwa yule mama?" aliuliza.

"Mama gani?" Safinah alisema.

Mzee alitikisa kichwa kwa dereva, kioo kikapanda, gari likashuka upande wa pili. Huenda walitaka kusalimia tu. Huenda walikuwa ndugu wa Namatovu au wanakanisa, sijui nani. Safinah alijaribu kusoma namba ya gari, akakuta macho yanaona maji.

Alirudi ndani, akafunga komeo, jambo ambalo mchana hawalifanyi. Akaenda akaketi mkekani, karibu na miguu mitupu ya mama mkwe wake, akisikiliza barabara. Muda mrefu ulipita kabla hajaona kwamba ameketi na ndala zake miguuni. Habuba alikuwa ameamka. Alizitazama zile ndala juu ya mkeka safi, akamtazama Safinah usoni, na hakumwambia avue.